Msumeno wa injini waua masikio polepole

MSOMAJI, ukipita Diani au Msambweni asubuhi, huenda ukausikia msumeno wa injini ukiangusha mwembe au mvinje nyuma ya nyumba. Wewe huziba masikio ukapita. Je, yule anayeushika kutwa nzima?

Mzee mmoja mpasua mbao aliwahi kuniambia: "Daktari, siku hizi mke wangu na wajukuu wananong'ona tu." Hawakuwa wakinong'ona. Sikio likiharibiwa na kelele, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, nazo ni za wanawake na watoto.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60; msumeno huu hufika 100 na zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi apate wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa 8. Wataalamu wa Marekani ni wakali zaidi: kwa desibeli 100, dakika 15 kwa siku zatosha.

Sababu ni kwamba ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Masikio yakivuma jioni baada ya kazi, hilo ni onyo. Nenda hospitali ukapimwe.

Pamba haikingi. Vaa vikinga masikio vya kazini vinavyofunika sikio zima. Vaa pia kofia ngumu, miwani, buti na suruali nzito. Shika msumeno kwa mikono miwili, wala usiuinue kupita mabega. Usikate kwa ncha yake, kwani ncha ikigusa mti msumeno waweza kuruka nyuma kuelekea usoni. Zima injini, iache ipoe, ndipo utie petroli. Watazamaji wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti.

Majirani nao wana haki. Kanuni za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba za makazi, na 35 kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa hivyo ulizia kibali kabla ya kazi.

Nawe unayemwita fundi aje akukatie mti, kabla ya kupatana bei mwulize: vikinga masikio viko wapi? Kama hana, mnunulie. Huenda ukamwezesha kusikia wajukuu wake.