Kuziba ufa wa ubao wa mawimbi nyumbani: chagua rezini, linda afya yako



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunazungumza na wewe unayekaa Al Khuwair, ambaye wewe au kijana wako amerudi kutoka Al Ashkharah au Masirah na ubao wa kupandia mawimbi umepasuka. Mawimbi ya huko hukua wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Miezi hiyo hiyo Muscat huwaka joto, madirisha hufungwa na kiyoyozi hufanya kazi usiku na mchana. Ukifungua kopo la rezini ndani ya fleti kama hiyo, nyumba nzima inavuta mvuke wake.

Rezini ni gundi ya majimaji inayogandishwa kwa dawa ambayo mafundi huiita hadna. Ndiyo hiyo inayotengenezea maboti ya faiba. Usinunue kwa kuangalia bei tu.

1. Angalia ndani ya ubao
Chungulia kwenye ufa. Ukiona punje nyeupe za mviringo zilizoshikamana, kama boksi la kuwekea samaki na barafu, tumia epoksi peke yake. Poliesta ina kemikali iitwayo stairini, nayo huyeyusha punje hizo ukabaki na shimo. Kama povu ni laini lisilo na punje, zote mbili zinafaa. Lakini ubao uliotengenezwa kwa epoksi utengeneze kwa epoksi, kwani poliesta haishiki vizuri juu yake.

2. Poliesta
Ni rahisi na hukauka haraka, ila harufu yake ni kali. Stairini huwasha macho na koo, huumiza kichwa na huleta kizunguzungu. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Hadna yake ni hatari zaidi kwa macho: tone moja linaweza kukupofua. Vaa miwani ya kujikinga.

3. Epoksi
Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kwa kuwa haina harufu kali, tunadhani ni salama, tunaishika kwa mikono mitupu. Epoksi mbichi inaweza kuufanya mwili uikatae. Mara ya kwanza huenda usione kitu, mara ya tano ngozi inavimba na kuwasha. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hauondoki maisha. Vaa glavu za nitrili na usioshe mikono kwa asitoni. Tumia sabuni na maji. Pima kama kopo linavyosema. Kuongeza hadna hakuharakishi, bali huacha rezini ikinata.

4. Rezini ya jua
Kwa ufa mdogo ipo inayoganda kwa mwanga wa jua, bila kuchanganya hadna. Ipake kivulini, kisha itoe juani. Kwa jua la Muscat ni suala la dakika chache. Soma kopo: nyingi ni poliesta, kwa hiyo stairini imo, na ubao wa punje usiuguse nayo.

Kanuni za wote
- Fanya kazi nje, juu ya paa au uani, baada ya Alfajiri. Roshani iliyo mbele ya dirisha la jirani haifai.
- Changanya kidogo kidogo. Kikombe kilichojaa kwenye joto la nyuzi 40 kinaweza kuchemka, kutoa moshi na hata kuwaka.
- Barakoa ya vumbi inafaa wakati wa kupiga msasa tu. Mvuke unahitaji barakoa yenye kichujio cha kemikali.
- Watoto, wajawazito na wenye pumu wakae mbali.
- Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali ukiwa na kopo lake. Mtu akishindwa kupumua, piga 9999.

Na kama huna pa kufanyia kazi isipokuwa chumbani, mpe fundi. Ubao mwingine utaupata, lakini mapafu na macho hayauzwi dukani.

Tunakutakieni afya njema.