Henga nyembamba yaharibu koti la thamani

KATIKA biashara ya makoti ya manyoya ya wanyama, yaani yale ya minki, mbweha na sungura yanayovaliwa New York, Montreal na Moscow wakati wa baridi kali, ipo gharama moja ndogo ambayo huwatia hasara wauzaji wasio makini. Gharama hiyo ni henga. Koti jipya refu la minki huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, lakini si ajabu kulikuta likining'inia kwenye henga ya waya iliyotoka kwa dobi, ambayo thamani yake ni senti chache tu. Baada ya muda mabega ya koti huota vinundu, ngozi huvutika mahali isipotakiwa, na mnunuzi huomba apunguziwe bei. Mara nyingi hupunguziwa.

Swali wanalojiuliza mafundi na wawekezaji wadogo ni kama waya unaweza kabisa kutengeneza henga inayofaa kwa nguo ya aina hiyo, au kama ni lazima kutumia mbao pana zinazotumika kwenye maduka makubwa. Jibu ni kwamba waya unaweza, ila si waya ule na si umbo lile.

Tatizo ni uzito na upana

Koti refu la manyoya huweza kufikia kilo tatu, na mengine huzidi hapo. Henga ya kawaida ya dobi hutengenezwa kwa waya wa takriban milimita 2, na mabega yake yote mawili yana urefu wa sentimita 40 hivi. Kwa hesabu ya haraka, kilo tatu zinabebwa na eneo la sentimita 8 za mraba, sawa na gramu 375 kwa kila sentimita moja ya mraba. Henga yenye mabega ya upana wa sentimita 5 hubeba kilo hizo hizo kwenye sentimita 200 za mraba, yaani gramu 15 tu kwa kila sentimita. Hesabu hii ni ya juu juu, maana koti haligusi henga kila mahali, lakini tofauti ya mara 25 inatosha kueleza kwa nini ngozi huchanika begani kwanza.

Ikumbukwe kuwa koti la manyoya ni ngozi kwanza, manyoya baadaye. Vipande vingi vya ngozi iliyosindikwa hushonwa pamoja, na mishono ya begani ndiyo hubeba mzigo wote koti linapotundikwa. Ngozi ikikaa kwenye joto hukauka mafuta yake na kuwa kavu kama karatasi. Hapo hata henga nzuri haisaidii sana.

Jambo la pili ni ugumu wa waya wenyewe. Wengi hudhani waya wa unene mara mbili una ugumu mara mbili. Sivyo. Ugumu wa waya wa mviringo dhidi ya kupindwa hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoka milimita 2 kwenda milimita 4, uzito wa chuma unaongezeka mara nne, lakini ugumu unaongezeka mara 16. Kwa mfanyabiashara maana yake ni nafuu: analipia chuma mara nne na kupata ugumu mara kumi na sita.

Umbo lenyewe

Henga rahisi inayofaa huanza na kitanzi kirefu. Waya wa milimita 4 uliopakwa zinki hupindwa uwe mviringo mrefu, mfano wa uwanja wa mbio, wenye urefu wa sentimita 46 na upana wa sentimita 5. Kisha kitanzi hicho hukunjwa katikati polepole ili ncha mbili zishuke kwa sentimita 6 au 7, zifuate mteremko wa bega la mtu. Koti sasa linalala juu ya nyaya mbili zinazokwenda sambamba, moja mbele na moja nyuma, badala ya kukalia ukingo mmoja. Katikati huwekwa kipande cha waya cha kuunganisha pande mbili, na hapo ndipo ndoana hupita.

Ndoana inastahili kuangaliwa zaidi kuliko mafundi wengi wanavyofanya. Kola ya koti la manyoya husimama, na shingo fupi ya henga huiminya kola hiyo dhidi ya bomba la kutundikia hadi manyoya yalale upande mmoja. Shingo ya sentimita 10 kutoka begani hadi kwenye mpindo wa ndoana inatosha kwa kola nyingi. Kwa henga ya dukani, ndoana iwe kipande cha pekee kinachopita kwenye tundu na kupindwa kichwa kwa chini, ili izunguke. Muuzaji anayeweza kuligeuza koti limtazame mteja bila kulishika kwa mikono anapunguza jasho na mafuta ya vidole juu ya manyoya.

Kuhusu maungio, kuna njia mbili. Kuchomelea ni haraka na huacha kiungo safi, lakini moto huondoa zinki mahali pale pale, kutu huanzia hapo, na moshi wa zinki ni sumu kwa fundi anayefanya kazi kwenye kibanda kilichofungwa. Kusokota ncha mbili pamoja, kama inavyofanyika kwenye henga za kawaida, hakuhitaji umeme wala gesi. Ila ncha zilizokatwa lazima zipigwe msasa na kuelekezwa ndani, maana ncha moja iliyochomoza hupasua bitana ya hariri siku ya kwanza tu. Kwa henga chache, kusokota kunashinda.

Aina ya waya nayo ni muhimu. Waya laini wa kufungia nondo, ambao kila duka la vifaa vya ujenzi unao, haufai hata kama ni mnene, kwani ulishapashwa moto kiwandani ili ukunjike kwa urahisi. Utakunjika pia chini ya koti, na hautarudi. Kinachotakiwa ni waya mgumu uliovutwa bila kupashwa moto baadaye, ambao ukipindwa kidogo hurudi ulipokuwa.

Mwisho ni kuvalisha. Nyaya mbili huzungushiwa pamba ya kujazia au sponji ya poliesta, kisha kitambaa cha pamba ambacho hakikutiwa rangi. Mirija ya plastiki laini aina ya PVC inavutia kwa bei, lakini viungo vinavyoilainisha huweza kutoka taratibu na kugusa ngozi. Watunzaji wa nguo kwenye majumba ya makumbusho huikwepa kwa sababu hiyo.

Vipimo vilivyotajwa ni vya koti la mtu mzima wa wastani. Henga pana kupita kiasi huingia kwenye mkono wa koti na kuusukuma nje, hivyo kuleta kinundu kile kile kilichokuwa kikiepukwa. Anayeuza makoti ya kike madogo apunguze urefu wa kitanzi badala ya kutumia saizi moja kwa wote.

Gharama zake

Henga hiyo hutumia waya wa mita 1.3 hivi, ambao uzito wake ni kama gramu 128. Henga ya dobi hutumia mita 1.05 ya waya wa milimita 2, sawa na gramu 26. Kwa hiyo tani moja ya chuma hutoa henga za kawaida kama 38,000, lakini henga za manyoya 7,800 tu, kabla ya kuondoa vipande vinavyopotea. Kwa mfano wa hesabu, ikiwa kilo ya waya inauzwa shilingi 5,000, chuma cha henga ya manyoya ni shilingi 640 na cha henga ya dobi ni shilingi 130. Tofauti ni shilingi 510. Gharama halisi iko kwenye kazi ya mikono: kukunja, kufunika na kushona. Ndiyo maana si bidhaa ya kushindana kwa wingi.

Na hapo ndipo historia ya henga za waya inapomhusu mwekezaji. Inasimuliwa kuwa mwaka 1903 Albert Parkhouse, mfanyakazi wa Timberlake Wire and Novelty huko Jackson, Michigan, alikosa mahali pa kutundika koti lake, akachukua waya wa kiwandani na kuukunja. Hataza ilikwenda kwa kampuni, na yeye hakupata kitu. Mwaka 1932 Schuyler Hulett alipata hataza ya kuongeza mirija ya karatasi ngumu kwenye henga ili nguo zisikunjamane, na mwaka 1935 Elmer Rogers akaleta mrija kwenye waya wa chini, ambao madobi wanautumia hadi leo. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila moja iliuzika.

Baadaye ikaja vita ya bei. Henga za China ziliingia Marekani kwa wingi na viwanda vya huko vikaanza kufunga milango. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alikataa kuvilinda kwa ushuru wa pekee. Kampuni ya M&B Metal Products ya Leeds, Alabama, ilipeleka shauri jipya mwaka 2007 ikidai kuwa henga hizo zinauzwa kwa bei ya kutupa, na Oktoba 2008 Serikali ya Marekani iliweka ushuru uliofikia asilimia 187.25. Uagizaji ukahamia kwingine, ikiwemo Vietnam na Taiwan, na amri kama hizo zikafuata dhidi ya Taiwan mwaka 2012 na Vietnam mwaka 2013. Mwenye mtaji mdogo asiye na ushuru wa kumlinda hana la kufanya kwenye henga ya gramu 26. Kwenye henga ya gramu 128 iliyovalishwa kwa mkono, anayo nafasi.

Soko la manyoya linashuka, makoti yapo

Yupo atakayeuliza kwa nini mtu ajihangaishe na bidhaa inayotegemea biashara inayoshuka. Hoja hiyo ina uzito. Novemba 2020 Denmark iliamuru minki wote wa kufugwa wauawe, zaidi ya milioni 15, kwa kuhofia virusi vya korona, na mnada mkubwa wa Kopenhagen Fur ukatangaza kujifunga. Macy's ya Marekani ilitangaza mwaka 2019 kuwa inaacha kuuza manyoya. Jimbo la California lilipiga marufuku uuzaji wa manyoya mapya kuanzia Januari 1, 2023.

Lakini sheria ya California haikugusa nguo zilizokwisha kutumika. Makoti yaliyoshonwa kwa miaka mingi bado yamo kabatini na kwenye maduka ya mitumba ya nchi hizo, na koti la zamani lenye ngozi iliyokauka linahitaji henga nzuri kuliko jipya. Kwa hiyo mahitaji ya henga hayaendi sambamba na idadi ya minki wanaofugwa.

Wenye maghala ya kuhifadhi manyoya majira ya joto huweka nyuzijoto kati ya 7 na 10 za Selsiasi, na unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam haina hali hiyo hata usiku wa Julai. Mfanyabiashara wa mitumba anayekuta koti la manyoya kwenye belo la makoti ya baridi asilifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwani ukungu utalimaliza. Alifunike kwa shuka la pamba, aliweke mbali na dirisha na akague nondo (mdudu, si chuma cha kujengea) kila wiki. Zaidi ya yote aliuze upesi, ikiwezekana kwa wateja wa Njombe, Makete au Arusha ambako koti zito lina kazi.

Kabla ya kupanga bei, apulize manyoya yatengane na kutazama shina lake. Likiota kwenye ngozi, ni manyoya halisi. Likiota kwenye kitambaa kilichofumwa, ni ya bandia, na henga ya kawaida yenye mabega mapana inatosha. Likiwa halisi na lina madoa ya chui, suala si henga tena. Katika miaka ya 1960 makoti ya chui yalikuwa mtindo Ulaya na Marekani, na baadhi ya ngozi zilitoka Afrika Mashariki hii hii. Tangu wakati huo chui amewekwa katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES wa mwaka 1973, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Koti la namna hiyo lipelekwe kwa maofisa wa wanyamapori kabla halijatundikwa popote.

Kwa fundi anayetaka kupima kazi yake, njia ni nyepesi. Apime kwa rula umbali kutoka sakafuni hadi kila ncha ya henga iliyotundikwa, kisha afunge kilo tatu za mchele kila upande, jumla kilo sita, na kuiacha kwa siku mbili. Akiondoa mzigo na ncha zikarudi kwenye kipimo cha kwanza, waya ni mgumu wa kutosha. Zikibaki chini hata kwa nusu sentimita, abadilishe waya. Na kwenye bomba la dukani aache nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya koti na koti, maana manyoya yanayobanana hulala hata yakiwa juu ya henga bora.