Uhindu (2): Nani Mhindu, na anaamini nini?

Sehemu iliyopita iliishia kwenye Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, na jinsi zilivyohifadhiwa vifuani mwa watu karne nyingi kabla ya kuandikwa. Leo tunaingia kwenye imani yenyewe, na hapo ndipo penye ugumu. Mwislamu ana shahada. Mkristo ana kanuni ya imani. Mhindu hana tamko la namna hiyo. Dini yake haina mwanzilishi, wala baraza la kukata shauri kwamba fulani yumo na fulani ametoka.

Swali la nani Mhindu liliwahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 1947 jimbo la Bombay lilipitisha sheria ya kuwaruhusu Wadalit, watu waliohesabiwa najisi na kuachwa nje ya milango, waingie katika mahekalu ya Wahindu. Mwaka uliofuata wafuasi wa Swaminarayan, mtawa aliyefariki huko Gujarat mwaka 1830, wakafungua kesi mjini Ahmedabad. Hoja yao ilikuwa fupi: sisi si Wahindu, kwa hiyo sheria hiyo haituhusu. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu ya India, na Januari 1966 Jaji Mkuu Gajendragadkar akatoa hukumu. Ili awajibu, ilimbidi kwanza aseme Uhindu ni kitu gani. Akaegemea mambo matatu aliyoyachukua kwa Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India: kuziheshimu Veda, kukubali kwamba njia za ukombozi ni nyingi, na kutambua kwamba miungu wa kuabudiwa ni wengi. Kwa kipimo hicho wadai walikuwa Wahindu kama Wahindu wengine, na wakashindwa.

Kipimo hicho kinafaa kwa kazi za mahakama, lakini mimi naona kinaubembeleza Uhindu kidogo. Kwa karne nyingi watu wa tabaka la chini la Shudra walikatazwa hata kuzisikia Veda zikisomwa. Waliziheshimu kwa mbali, nao ni Wahindu. Washaiva wa Kitamil, yaani wanaomwabudu Shiva, kwa upande wao, wana tenzi zao za Kitamil wanazoziimba hekaluni na kuzipa heshima inayokaribia ile ya Veda.

Kinachowakusanya walio wengi, kwa maoni yangu, ni namna ya kuyatazama maisha. Nafsi, ambayo wanaiita atman, haifi pamoja na mwili. Huzaliwa tena na tena, na hali inayozaliwa nayo hutokana na matendo yake ya nyuma. Hiyo ndiyo karma. Vijana wetu siku hizi wanalitumia neno hilo kwa maana ya malipo ni hapa hapa duniani, kana kwamba aliyeiba asubuhi ataibiwa jioni. Kwa Mhindu deni laweza kuvuka maisha haya likalipwa katika mengine, na hata thawabu ni kifungo, kwa kuwa nayo humrudisha mtu duniani aje kuila. Shabaha ya mwisho ni moksha, kutoka kabisa katika mzunguko huo. Kabla ya kufika huko kuna dharma, yaani wajibu unaomhusu kila mtu kulingana na umri wake na nafasi yake, na wajibu wa mwanafunzi si ule wa baba mwenye nyumba.

Ukishauliza habari za Mungu, njia zinaachana. Shankara, mwanazuoni wa Kerala ambaye kwa kawaida huwekwa karne ya 8, alifundisha kwamba kilichopo kweli ni kimoja, Brahman, na kwamba nafsi yako ndiyo hiyo Brahman. Ni ujinga tu unaokufanya ujione mbali nayo. Ramanuja, Mtamil wa karne ya 11 na 12, akakataa: ulimwengu na nafsi zipo kweli, nazo ni kama mwili wa Mungu Vishnu, wa kupendwa na kutumikiwa. Karne ya 13 akaja Madhva wa Udupi, akaenda mbali zaidi. Kwake Mungu ni Mungu na mja ni mja milele, na zipo nafsi ambazo hazitakombolewa kamwe. Tena kuna mapokeo ya kale ya Mimamsa, ambayo wafuasi wake walizitetea Veda kwa nguvu zote huku wakiona hakuna haja ya Mungu muumba. Wote hao ni Wahindu, na kila upande umeandika vitabu vya kuubomoa mwingine.

Katika ibada nako hawafanani. Katika hekalu la Swaminarayan sanamu, ambayo wao huiita murti, huamshwa asubuhi, huvishwa na huandaliwa chakula kama mgeni wa heshima. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875 na kufika Nairobi mwaka 1903, wanasema murti haina msingi katika Veda. Wao humimina samli motoni huku wakisoma mantra, yaani maneno matakatifu. Wenye murti wana jibu lao, na ukitaka kuliona nenda Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani, wakati wa sikukuu ya Ganesha. Sanamu ya udongo yenye kichwa cha tembo huletwa nyumbani, mungu akaombwa kwa ibada maalumu aingie humo, akaimbiwa na kupewa vitamu. Sikukuu ikiisha huagwa, sanamu ikapelekwa ufukweni na kuzamishwa baharini hadi iyeyuke. Anayeabudu udongo asingeutupa majini kwa nderemo.

Hata sufuria zao hazikubaliani. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kachchh, ambako wengi hawali nyama, na wafuasi wa Swaminarayan huacha hata vitunguu na vitunguu saumu. Ndiyo maana kwetu imezoeleka kwamba Mhindu hagusi kitoweo. Ukifika Bengal utamkuta Brahmin, mtu wa tabaka la makuhani, akila samaki bila wasiwasi, na katika hekalu la mungu mke Kali huko Kalighat, mjini Kolkata, mbuzi huchinjwa kuwa sadaka na nyama yake kuliwa.

Sehemu ijayo itahusu matabaka, na sababu zilizomfanya B. R. Ambedkar, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba ya India, aondoke katika Uhindu mwaka 1956 mjini Nagpur na kuingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya Wadalit wenzake.