Mbio za Baisikeli Katika Theluji



Kila aliyepata kupanda baisikeli siku ya mvua anajua taabu yake. Gurudumu humrushia maji ya tope mgongoni, macho hayaoni mbele vizuri, na breki hazishiki. Lakini taabu hiyo huisha mtu afikapo nyumbani akaota moto. Leo nataka kuwaeleza habari za watu walioendesha baisikeli kwa muda wa saa saba katika theluji, na kuwaonyesha sababu zinazoiwezesha baridi kumshinda hata mtu mwenye nguvu kupita wenziwe. Wengi wetu huiona theluji kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kilimanjaro, nayo hutupendeza macho. Ikimwangukia mtu mwilini ni jambo jingine.

Katika nchi ya Ubelgiji yako mashindano ya zamani sana ya baisikeli, ambayo yalianza mwaka 1892. Wapandaji hutoka mji wa Liège, huenda kusini mpaka Bastogne, kisha hurudi Liège kwa njia nyingine yenye vilima vingi vikali. Nchi ile huitwa Ardennes, nayo ni nchi ya misitu na mabonde. Mashindano hufanywa mwezi wa Aprili, wakati ambapo baridi ya huko huwa inakwisha. Walakini Aprili ya Ulaya haiaminiki.

Tarehe 20 Aprili 1980 watu 174 waliondoka Liège asubuhi. Safari yao ilikuwa ya kilomita 244, yaani mbali kuliko kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na yote ilikuwa ya siku moja. Hawakwenda mbali theluji ikaanza kuanguka, na upepo ukawapiga nayo usoni. Wakawa wakishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakikinga macho. Basi wengi wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, wakaingia katika motokaa za vikosi vyao.

Miongoni mwao alikuwamo Bernard Hinault, Mfaransa wa Brittany, ambaye umri wake ulikuwa miaka 25. Alikuwa amekwisha kuyashinda mara mbili mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, mwaka 1978 na 1979. Hata yeye alitaka kuacha. Akapatana na mwenzake kwamba wakifika Vielsalm, mahali pa kupokea chakula, na theluji ingali ikianguka, watashuka wote wawili. Walipokaribia pale mawingu yakafunguka kidogo. Mkuu wa kikosi chake, Cyrille Guimard, akamwambia avue koti la mvua, kwa kuwa sasa ndipo mashindano yanapoanza. Hinault akalivua, akaona baridi kali, na kwa kuwa hakuwa na moto wa kuota, akakanyaga kwa nguvu ili mwili wake wenyewe uwe moto wake. Zilipobaki kilomita 80 hivi, akawa peke yake mbele ya wote. Akafika Liège dakika 9 na sekunde 24 kabla ya mtu wa pili, Mholanzi aliyeitwa Hennie Kuiper. Katika watu 174 waliotoka asubuhi, waliomaliza walikuwa 21 tu.

Sasa tujiulize: kwa nini baridi iwashinde watu wengi namna hii, na hali kila mmoja alikuwa hodari wa kazi hiyo?

Mwili wa mtu ni kama tanuri ambayo haina budi kukaa katika moto wa digrii 37. Chakula ndicho kuni zake. Mtu akanyagapo baisikeli, robo tu ya nguvu ya chakula, au pungufu ya hapo, huendesha magurudumu. Sehemu nyingine zote hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu apandaye kilima hutoka jasho hata siku ya baridi. Lakini akiteremka hakanyagi, kwa hiyo tanuri hupungua moto; na papo hapo mwendo wake huwa wa kasi, na upepo humpunguzia joto upesi. Hatari ya mlima, basi, haiko sana katika kupanda bali katika kuteremka.

Jambo la pili ni maji. Nguo kavu huzuia hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo blanketi la kweli. Nguo ikilowa, maji hushika mahali pa hewa, nayo huchukua joto la mwili kwa wepesi mara 25 hivi kupita hewa. Kwa hiyo mtu aliyelowa katika upepo huweza kuhatirika hata pasipo theluji.

Jambo la tatu ni damu. Mwili ukiona baridi huondoa damu mikononi na miguuni, ili kuulinda moyo na viungo vya ndani. Vidole hufa ganzi, havishiki breki wala haviwezi kufungua mfuko wa chakula. Hapo mtu hali, na asipokula tanuri hukosa kuni. Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, akili nayo hupumbaa, na mtu huweza kufanya upumbavu asiojua kuwa ni upumbavu.

Tuangalie mfano wa pili. Tarehe 5 Juni 1988, katika mashindano ya kuizunguka Italia, wapandaji walivuka mlima wa Gavia, wenye kimo cha mita zaidi ya 2,600, nao ukawa unaanguka theluji. Johan van der Velde, Mholanzi, alikuwa wa kwanza kufika juu, lakini amevaa nguo nyepesi. Katika kuteremka baridi ikamshinda, akasimama kutafuta mahali pa kujipasha moto. Akapoteza karibu dakika 47. Mmarekani Andy Hampsten alikuwa nyuma yake. Lakini asubuhi ile wakuu wa kikosi chake walikuwa wamenunua glavu nene na nguo za sufu, wakazipeleka karibu na kilele pamoja na chai ya moto. Hampsten aliona taabu kubwa, lakini alifika Bormio wa pili, sekunde 7 tu nyuma ya mshindi wa siku ile, Erik Breukink. Mwisho wa mashindano yeye ndiye aliyeshinda yote, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Wazee wetu walisema: hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha ni iliyo mkononi.

Nasi tuna nchi za baridi, kama Njombe katika mwezi wa Juni na Julai. Ukisafiri kwa baisikeli huko, chukua nguo kavu ndani ya kitu kisichopenya maji. Kabla ya kuteremka mlima mrefu, tia gazeti kavu ndani ya shati kifuani; wapandaji wa Ulaya wamefanya hivyo tangu zamani. Kula kidogo kidogo kabla ya njaa. Na ukimkuta mwenzako anatetemeka na maneno yake hayaeleweki, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi kavu, umpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa aweza kumeza. Usimpe pombe, wala usimsugue mikono iliyokufa ganzi.

Na Hinault je? Alipata ushindi, lakini aliulipia. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikaa majuma kadhaa kabla ya kurudi katika kazi yao, na baada ya miaka mingi alisema kwamba baridi ikija bado humuuma. Kwa hiyo tumsifu kwa ushujaa wake, lakini tusiwacheke wale 153 walioshuka. Hakuna aliyewalazimisha kuendelea, nao walirudi kwao na vidole vyao. Kuvumilia ni sifa njema. Na kujua kipimo cha mwili wako ni sifa njema vilevile.