Farasi wadogo wa Libramont na kazi ya chini ya udongo

Kila mwisho wa mwezi wa saba, muji mdogo wa Libramont, mu milima ya Ardennes kule Ubelgiji, unajaa watu wa mashamba. Ni maonyesho ya siku ine, wenyewe wanaita foire. Matrakta mapya yamepangwa mustari, mashini za kukata miti zinapiga kelele, watu wanakula nyama ya kuchoma. Nyuma ya ile yote njo kuko nyama wazima: ngombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, sungura, kuku na farasi. Tulilipa kiingilio, tukapita matrakta mbio mbio juu hatuna feza ya kununua hata gurudumu moja, tukaenda ku nyama pamoja na watoto.

Wa kwanza kusimamisha watu ni farasi wa Ardennes, wa kukokota. Mukubwa anaweza kupita kilo 800. Kifua sawa mulango, miguu iko na manyoya marefu. Mu pori ya kule wangali wanawatumia kuvuta magogo, juu mashini nzito inakanyaga udongo na kuuharibu, lakini farasi anapita kati ya miti bila kuangusha ile midogo.

Halafu ngombe wanaoitwa Blanc-Bleu Belge. Misuli imevimba ku matako na ku mabega, unasema ni mutu wa kubeba vyuma. Tulishangaa, kisha tukauliza anazaa namna gani. Jibu: karibu kila ndama anatolewa kwa kupasua mama yake, juu ndama ni munono kupita njia. Feza iko mu nyama ile, hatukatai. Lakini ngombe asiyeweza kuzaa bila munganga na kisu, siye hatutamuonea wivu.

Watoto hawakusikia hata neno moja la ile masimulizi. Walikuwa wamekimbilia farasi wadogo.

Bapapa na bamama wanaosoma hapa, wengi hamujaona farasi na macho. Kwetu watu wengi wanasema paka "mpunda", awe farasi awe punda. Si bure: inzi wa tsetse anaua farasi na ugonjwa wake, njo maana wazee wetu walibeba shaba ku kichwa na ku mabega, hawakuipakia juu ya nyama. Basi fikirini farasi kamili, na manyoya yake ya shingo na mukia wa kugusa chini, lakini anafika mutu mukubwa ku kiuno tu. Farasi wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, hapaswe kupita sentimeta 107 ku mabega. Wale wanaoitwa "miniature", Wamarekani wanaweka mupaka ku sentimeta 86 hivi. Mumoja wa kule Marekani, jina Thumbelina, alikuwa na sentimeta 44.5, mufupi kuliko meza ya kula bukari.

Wafugaji wengine wanatafuta kupunguza tu, kupunguza tu, na hapo nyama anaumia: miguu inapinda, meno yanabanana mu kinywa kidogo. Na udogo si urahisi. Kwato zinakatwa kila juma la sita ao la nane. Majani mazuri mengi yanamuletea maumivu ya miguu mpaka anashindwa kusimama. Anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Unayemununulia mutoto zawadi, ujue utazeeka naye.

Mutoto wetu mumoja, wa miaka tisa, alimupapasa kichwa kisha akauliza: "Papa, huyu anafanyaka kazi gani?"

Ulizo hilo ni la mutoto wa mu kampi ya mashimo. Na jibu lake lilitushika, juu kazi ya babu wa wale farasi ilikuwa ile ile yenu: chini ya udongo.

Mu mashimo ya makala ya mawe kule Uingereza, zamani vigari vilisukumwa na kuvutwa na watoto na wanawake. Mwaka 1842 sheria ikakataza wanawake wote na watoto wanaume wasiotimiza miaka 10 kushuka chini. Makala yalipaswa kuvutwa na mutu mwingine. Mahali tabaka la makala ni jembamba na paa ni ya chini, farasi mukubwa hapiti. Wakaenda kutafuta wale wa Shetland. Bwana mumoja mukubwa wa mashimo ya Durham, Marquess wa Londonderry, alianzisha ufugaji wake mwenyewe kule visiwani, Bressay na Noss, kusudi apate farasi wafupi na wenye nguvu kwa shimo.

Walilala chini, mu mazizi yaliyopakwa chokaa. Ku kichwa walivalishwa kofia ya ngozi, juu ya mawe yanayoanguka. Wazee wa mashimo walisimulia kama farasi alihesabu mulio wa minyororo: mukiongeza kigari kimoja kupita desturi, anakataa kutembea. Walisimulia tena kama alisimama ghafla mbele paa haijaanguka, na kama aliiba mukate mu mufuko. Nyinyi wa Kipushi mulioshuka chini, munajua mwenyewe mutu anapenda namna gani mwenzake wa poste.

Karibu mwaka 1913 walikuwa 70,000 mu mashimo ya Uingereza. Sheria ya 1911 iliwalinda: farasi asishuke mbele ya kutimiza miaka ine, na kila farasi 15 wapate muchungaji wao. Sheria ile ile ilisema mutoto asishuke mbele ya miaka 14. Wa mwisho, jina Robbie, alitoka ku shimo mumoja wa Wales mwaka 1999.

Tulimuelezea mutoto ile yote. Akanyamaza kidogo, akaangalia farasi, akasema: "Sasa wale batoto walitoshwa, nani alilisha nyumba?"

Hapo njo pagumu. Mwaka 1842 hakuna aliyeongeza mushahara wa baba. Wanawake wengine walivaa nguo za wanaume, wakarudia kushuka kwa kujificha, juu nyumbani kulikuwa njaa. Masomo yakawa lazima kwa watoto wa kule mwaka 1880 tu, miaka 38 nyuma. Kwetu pia sheria inakataza mutoto ku mashimo, na bado munawaona asubuhi, wanaosha mawe mu mito na mufuko ku mugongo. Kuwafukuza pale ni kazi ya siku moja. Mushahara wa baba na feza ya masomo, ile bado tunaingoja.