Kuumia Kazini: Fidia ni Haki, si Sadaka ya Tajiri

 

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu anayetafuta riziki katika ujenzi wa mahoteli, bandarini, jikoni au kwenye usukani wa gari la mtu. Siku akianguka kutoka juu ya jengo, au mkono wake ukaingia kwenye mashine, nyumbani husikika kauli mbili. Ya kwanza: "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu, tunyamaze." Ya pili husemwa tajiri anapokuja kumtazama mgonjwa na gunia la mchele na laki mbili mkononi: "Ametufanyia hisani, tukimdai tutaonekana hatuna shukurani." Kauli zote mbili zina wema ndani yake, na zote mbili hupoteza haki.

Kudra haifuti haki

Hakuna Muislamu anayekanusha kuwa ajali ni katika kudra ya Allah. Lakini tuizingatie aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Aliyeuawa kwa bahati mbaya naye amekufa kwa kudra, na pamoja na hayo sharia imewapa watu wake diya, isipokuwa wenyewe wakisamehe. Kuridhika na kudra ni kazi ya moyo. Kudai haki ni jambo jengine, wala hayapingani. Na kusamehe ni kwa yule anayejua anachokisamehe. Anayenyamaza kwa kutojua, haki yake imempotea tu.

Sheria zetu zinasemaje

Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo kila upande una sheria yake. Zanzibar ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Nam. 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Msingi wake ni kuwa mwajiri anawajibika kwa mfanyakazi aliyepata ajali kutokana na kazi yake na akiwa kazini. Pa kukimbilia ni Kamisheni ya Kazi.

Kwa vijana wetu walioajiriwa Dar es Salaam, Tanga na kwengineko Bara, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake, na hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Mfuko hugharamia matibabu. Aliyelazimika kukaa nyumbani kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Anayebaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kwa mkupuo au kila mwezi, kulingana na ukubwa wa ulemavu wake. Akifariki, wategemezi wake nao wana haki. Taarifa isizidi miezi 12 tangu ajali, ama sivyo haki hupotea.

Fidia ya namna hii haimlazimu mfanyakazi kuthibitisha kuwa tajiri alikosea. Linalotazamwa ni kama ameumia kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo kudai si kumshitaki mtu kuwa mbaya.

Mambo ya kufanya mapema

1. Mjulisheni mwajiri siku ile ile, kwa maandishi, na mbakie na nakala. Ujumbe wa simu pia ni ushahidi.
2. Mwambieni daktari wazi kuwa ameumia kazini, na liandikwe. Cheti kinachosema "ameanguka" bila ya kutaja wapi huleta taabu baadaye.
3. Andikeni majina ya walioshuhudia kabla hawajahama kazi.
4. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi akusanye kila kinachoonesha kuwa alikuwa akifanya kazi pale: daftari la mahudhurio, malipo ya simu, picha, wenzake.
5. Msitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ya "tumemalizana" kabla ya kuipeleka kwa afisa wa kazi au mwanasheria. Mchele upokeeni na mshukuru, lakini saini ni jambo jengine.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumvunjia mtu heshima.

Kwa pande zote mbili

Waajiri tunawanasihi: Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amehimiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ikiwa jasho lina haraka hiyo, vipi kuhusu damu? Na mfanyakazi naye amche Allah. Kuongeza maumivu mbele ya daktari, au kuita ajali ya kazini iliyotokea mpirani, ni kula mali ya watu kwa batili.

Mwenyewe akifariki

Hapa ndipo ndugu hugombana. Malipo aliyokuwa akiyastahiki uhai wake na hajayapokea ni mali yake: hulipiwa madeni, hutolewa wasia, kisha hurithiwa. Ama malipo ambayo sheria imewapangia mjane na watoto kwa kuwa ni wategemezi, wanavyuoni wengi wa zama hizi huyatofautisha na mirathi, kwa sababu hayakuwa mali ya marehemu. Hukumu hufuata namna malipo yenyewe yalivyo, kwa hiyo yapelekeni kwa Kadhi au Ofisi ya Mufti pamoja na karatasi zake kabla ya kugawa chochote. Na fungu la yatima lisiguswe na ami wala mjomba. Onyo lake liko katika aya ya 10 ya Suratun Nisaa.

Tunamuomba Allah awaponye waliojeruhiwa, awarehemu waliotutangulia, na awape wenye haki ujasiri wa kuidai kwa adabu. Wallahu aalam.