Nakshi za marumaru: Mbona rangi hugoma kushika kitambaa?

WASANII wanaojaribu kuhamishia kwenye kitambaa nakshi zinazofanana na mishipa ya marumaru hukumbana na kero moja: kitambaa hutoka majini kikiwa kimependeza ajabu, lakini kikisuuzwa rangi yote huteremka na maji.

Lawama huelekezwa kwa rangi. Aghalabu, hata hivyo, kosa huwa limetendeka siku moja kabla.

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Wajapani walipamba nao karatasi tangu karne ya 12, wakielea wino juu ya maji matupu. Waturuki walitumia maji mazito, na sanaa yao iitwayo ebru iliorodheshwa na UNESCO mnamo 2014 miongoni mwa turathi za binadamu. Msanii wa kitambaa hufuata njia ya Waturuki.

Maji hayo huwa mazito mithili ya uji mwepesi ili rangi isizame. Katika miaka ya 1880, Josef Halfer, mjalidi vitabu wa Budapest, alidhihirisha kwamba ute wa mwani, yaani karajinani, hufaa mno kwa kazi hii.

Hapo ndipo pwani yetu inapoguswa, kwani wakulima wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, sawa na wenzao wa Zanzibar, hupanda mwani wenye karajinani. Lakini msanii asikimbilie kuutokosa jikoni. Mwani unaokuzwa huku hutoa ute unaoganda, na juu ya kitu kilichoganda rangi haichoreki. Kinachotakikana ni karajinani ya aina isiyoganda, iliyosagwa unga. Takriban vijiko viwili vya mezani hukorogwa katika lita nne za maji, kisha huachwa usiku kucha hadi mapovu yaishe.

Sasa turejee kwenye kosa la jana yake. Kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na wanga huo huizuia rangi kuufikia uzi. Sharti kifuliwe kwanza kwa maji moto, bila dawa ya kulainisha. Kisha hulowekwa katika maji yaliyoyeyushwa shabu, ile ile ambayo wazee wetu walijipaka baada ya kunyoa ndevu. Kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita chatosha. Shabu hushikamana na uzi, kisha nayo huinasa rangi. Pasipo shabu, rangi haina pa kujishikiza.

Kitambaa huanikwa bila kukunjamana, maana kila mkunjo huacha mstari. Wala kisiwekwe kabatini kwa majuma. Shabu ina uchachu unaokula nyuzi, hivyo kitumiwe katika siku chache.

Rangi za akriliki huchanganywa na maji hadi ziwe nyepesi kama maziwa, kisha hudondoshwa moja baada ya nyingine. Kila tone jipya huyasukuma yaliyotangulia bila kuchanganyika nayo. Kitana au kijiti huvuta mistari. Watu wawili hushika pembe za kitambaa na kukilaza kuanzia katikati ili hewa isinaswe chini yake. Baadaye uso wa maji hupanguswa kwa vipande vya gazeti kuukuu, matumizi ambayo mhariri hana sababu ya kuyaonea haya.

Kitambaa husuuzwa papo hapo, na baada ya kukauka kwa siku kadhaa hupigwa pasi.

Linalosalia ni suala la soko. Nakshi hizi hazirudiwi kamwe, na ndiyo sababu noti ya dola 20 iliyotolewa Marekani mwaka wa 1775 ilitiwa ukingo wa marumaru ili kuwatatiza waghushi. Kwa mwuza leso, sifa hiyo ni balaa, kwa kuwa leso huuzwa jozi, pande mbili zikiwa pacha. Msanii anaweza kutengeneza beseni pana, alaze kitambaa kirefu kisha akikate katikati, lakini hata hapo nusu hizo zitashabihiana rangi tu, si mistari. Wengi huona heri wauze shali na mitandio, ambayo mnunuzi huinunua mmoja mmoja.